Kupanda Kilimanjaro na Kundi, na Kushuka Mkiwa Bado Mnasalimiana

Desemba ikikaribia, hakosekani mtu ofisini, kwenye kwaya au kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja wa kuandika: "Jamani, mwaka huu twendeni Kilimanjaro." Kabla chai haijapoa, watu thelathini wameshaweka kidole gumba. Ikifika wiki ya kulipa malipo ya awali, wanabaki kumi na wawili. Hao kumi na wawili ndio ninaowaandikia.

Anayepanda peke yake na mwongozaji wake ana kazi moja, mlima. Ninyi mna kazi mbili: mlima, na ninyi kwa ninyi. Yupo mwenye haraka, yupo anayekoroma, yupo aliyesahau soksi, na yupo yule atakayeumwa kichwa usiku wa tatu akanyamaza kwa sababu anaona aibu mbele ya bosi wake. Mapafu yenu siwezi kuyasaidia sana. Hayo mengine yanazungumzika.

1. Hesabuni siku kabla ya kuhesabu pesa

Kundi linapopanga bajeti, kitu cha kwanza kukatwa ni siku. "Tufanye tano badala ya sita, tuokoe." Tazameni namba za njia ya Marangu kwanza. Geti lipo kwenye mita 1,860 hivi. Usiku wa kwanza mnalala Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, 3,720. Wa tatu Kibo, kama 4,720. Usiku huohuo wa tatu, kabla hata hamjalala vizuri, mnaamshwa kuelekea kilele cha Uhuru, 5,895. Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, usilale juu zaidi ya usiku uliotangulia kwa zaidi ya mita 500 hivi. Ninyi mnaruka elfu nzima kila jioni.

Siku ya sita hutumika kulala Horombo mara mbili. Asubuhi mnapanda taratibu hadi miamba ya Zebra Rocks, kwenye mita 4,000 hivi, mnapiga picha, mnarudi kula na kulala palepale mlipoamka. Inaonekana kama siku ya kupoteza muda, na kila kundi lina mtu wa kulisema hilo kwa sauti. Mwacheni aseme, lakini siku ilipiwe.

Njia ya Machame, ya siku sita au saba, inafanya hesabu yake kwa ujanja zaidi: siku ya tatu mnapandishwa hadi Lava Tower, mita 4,600, kisha mnashushwa kulala Barranco, chini kidogo ya 4,000. Kupanda juu, kulala chini. Mkiwa na siku nane, Lemosho inawapa nafasi zaidi ya kuzoea. Rongai inaanzia kaskazini, upande wa mpaka wa Kenya, na mvua yake ni kidogo kuliko ya kusini. Marangu ndiyo pekee yenye vibanda vya kulala, na kundi lenye watu wasiopenda mahema huipenda kwa hilo.

Neno moja kuhusu pesa. Raia wa Afrika Mashariki hulipa ada za hifadhi kwa shilingi, sehemu ndogo tu ya anazolipa mgeni kwa dola. Kwenu ninyi siku ya ziada ni hasa posho ya wapagazi na chakula. Mkigawana kumi na wawili, haiui mtu.

2. Ulizeni idadi ya waongozaji wasaidizi

Wengi huuliza kampuni kuhusu chakula na picha. Swali la kundi ni hili: mmoja wetu akigeuzwa saa nane usiku, nani anashuka naye, na wanaobaki wanabaki na nani? Kundi la watu kumi na wawili lenye waongozaji wawili tu litakwama mgonjwa wa pili akitokea. Mnataka wasaidizi wa kutosha ili mmoja akishuka na Mama Neema, na mwingine akishuka na Baraka, bado wapo wa kuongoza walio na nguvu.

Kubalianeni kabisa mkiwa bado Moshi, mezani, na kila mtu asikie: anayegeuzwa anageuka, hapigiwi kura. Mwenye neno la mwisho ni kiongozi wa msafara, awe kijana wa miaka ishirini na saba na wewe ni mkurugenzi. Wanandoa waamue mapema kama mmoja akishuka mwenzake anaendelea au la. Mita 5,000 usiku ni mahali pabaya sana pa kuanzisha mjadala wa ndoa.

3. Fanyeni mazoezi pamoja angalau mara kadhaa, tena kwa viatu hivyohivyo

Walio Morogoro wana Uluguru, walio Tanga wana Usambara, wa Nairobi wana Ngong na Longonot. Wenye muda na uwezo waende Mlima Meru, mita 4,566, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Ukishuka Meru unajua kichwa chako kinasemaje juu ya mita 4,000, na hilo huwezi kulijulia gym.

Lengo la matembezi haya si misuli tu. Mtagundua nani anatembea haraka mwanzoni kisha anakaa chini, nani anahitaji kula kila saa, nani akichoka anakuwa mkali. Mkiyajua haya mapema, yakitokea juu hamtashangaa wala kununiana.

Halafu mwonyeni bingwa wa mbio za ofisini. Urefu wa mlima hauangalii kifua cha mtu. Vijana wenye pumzi nyingi ndio huumwa mara nyingi, kwa kuwa wao ndio wanaoweza kwenda kasi isiyotakiwa.

4. Mzito wa mwendo akae mbele

Mahali pa mtu wa polepole ni nyuma ya mwongozaji, si mkiani. Akiwekwa mkiani, kundi linatangulia, linakaa jiweni kumsubiri, linapumzika vizuri, na yeye akifika tu wanainuka: "Haya, twende!" Waliokuwa na nguvu wamepumzika mara nne, aliyechoka hajapumzika hata mara moja. Akiwekwa mbele, mwendo wake unakuwa mwendo wa wote na hakuna anayehisi anaburuzwa.

Kipimo cha mwendo ni mazungumzo. Kama huwezi kumaliza kumsimulia jirani yako habari za shemeji yako bila kukata pumzi, mnakwenda mbio. "Pole pole" mtaisikia hadi mchoke nayo, lakini wanaoitamka wamepanda mara nyingi kuliko ninyi mlivyopanda ngazi za ghorofani.

5. Kichwa kikiuma, sema

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo kundi linapoweza kumwokoa mtu au kumponza.

Kileleni, kila pumzi unayovuta ina takriban nusu ya oksijeni unayoipata ufukweni Tanga. Mwili unalalamika: kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, usingizi wa mang'amung'amu. Dalili hizi zikiwa nyepesi ni za kawaida, na mara nyingi hutulia mtu akipumzika na asipande zaidi. Shida ni kuzificha. Anayepanda na wenzake hataki kuwa yule aliyewachelewesha. Anatabasamu mezani, anamwaga supu nyuma ya hema, anasema yuko fiti.

Dawa ya aibu ni utaratibu. Kila jioni baada ya chakula, mzunguko mfupi: kila mtu ataje hali yake, kichwa, tumbo, usingizi, mkojo. Aanze kiongozi wa kundi, na aseme ukweli. Mkubwa akikiri kwamba kichwa kinamgonga, mdogo naye atafunguka. Pia gawaneni wawiliwawili, kila mtu na mwenzake wa kumchunguza. Mwenzako ataona kabla yako kwamba umekuwa kimya tangu saa nne asubuhi.

Yapo mambo yasiyosubiri mzunguko wa jioni. Mtu anayepepesuka, asiyeweza kutembea mstari mnyoofu kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Mtu anayejibu mambo yasiyoulizwa, au hajui yuko wapi. Mtu anayehema akiwa amekaa tu, mwenye kikohozi kinachobubujika kifuani. Hao maji yanajaa kwenye ubongo au kwenye mapafu, na tiba yao ni kushuka, sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane na mvua inanyesha. Oksijeni ya chupa na dawa ni vya kusaidia njiani. Havichukui nafasi ya kushuka.

Kuhusu vidonge: asetazolamaidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Diamox, husaidia mwili kuzoea, lakini zungumza na daktari wako kabla ya safari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Itakupeleka chooni mara nyingi. Usigawiwe kidonge na rafiki kambini kama karanga. Pombe na vidonge vya usingizi viacheni Moshi, vinapunguza pumzi wakati umelala.

6. Mwambieni mpishi ninyi ni watu wa wapi

Wapishi wa Kilimanjaro ni mafundi. Wanatoa mkate na keki kwenye jiko la gesi ndani ya hema. Ila wamezoea wageni, kwa hiyo msipowaambia mtakula tambi na supu ya maboga siku sita, huku mkisikia harufu ya ugali na dagaa kutoka hema la wapagazi, mate yakiwatoka. Semeni mapema. Mtori, ugali, uji wa ulezi, wali maharage, vyote vinapandishika.

Juu ya Horombo hamu ya kula hupotea. Kula hivyohivyo, kidogokidogo. Maji lita tatu hadi nne kwa siku. Na mjue maji hayo yanatoka wapi: kambi ya Barafu, ya njia ya Machame, haina chemchemi, wapagazi huyabeba kutoka bonde la Karanga. Kibo vivyo hivyo, huletwa kutoka chini. Anayeosha soksi kwa maji ya Barafu anaosha kwa mgongo wa mtu.

7. Baridi ya huko si ya Julai ya Iringa

Alfajiri kileleni inaweza kushuka hata nyuzi 15 chini ya sifuri, na upepo juu yake. Mwenzangu wa Dar ambaye koti lake la mwisho lilikuwa la sare ya shule, sikiliza: pamba haifai. Ikilowa jasho inakaa imelowa. Vaa nguo nyepesi ya kukauka upesi karibu na ngozi, ya kati yenye joto, ya nje ya kuzuia upepo na mvua. Glavu nzito, mzula wa kufunika masikio, miwani ya jua, maana mlima uko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta na jua la juu ya theluji halina huruma.

Msinunue kila kitu kipya. Moshi na Arusha kuna maduka ya kukodisha, na Soko la Memorial pale Moshi lina mitumba ya makoti ambayo mwenye jicho zuri atafurahi nayo. Viatu tu ndivyo nisivyoshauri kukodi.

Mambo madogo: simu na betri vilale nawe ndani ya begi la kulalia. Chupa ya maji ibebwe kichwa chini, kwa kuwa barafu huanzia juu na mdomo utabaki wazi. Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi hifadhini, na mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019, kwa hiyo karanga zako zifunge kwenye kitu kingine.

8. Wagumu

Ndivyo wapagazi wanavyojiita, na mkiwaona wakiwapita na mzigo kichwani huku ninyi mnahema na kibegi cha maji, hamtauliza kwa nini. Kwa kila mpandaji huwa kuna watu watatu au wanne nyuma yake. Kundi lenu la kumi na wawili ni kijiji kinachohama kila asubuhi.

Mpagazi anaruhusiwa kilo 20, na ndani yake zimo zake mwenyewe. Mizigo hupimwa getini. Maana yake begi lako lisizidi kilo 15. Taulo tatu na spika ya muziki zina mtu wa kuzibeba, na si wewe. Nao wakija nyuma yenu njiani, pisheni, na mpishe mkiwa upande wa mlima, si wa bonde. Kwenye Ukuta wa Barranco, njia ya Machame, hilo ni la lazima.

Msiione aibu kuuliza kampuni wanalipwa kiasi gani kwa siku, wanakula mara ngapi, wanalala kwenye hema la namna gani. Kampuni nzuri hujibu bila kubabaika. Wapo pia Kilimanjaro Porters Assistance Project, wanaofuatilia haki za wapagazi tangu mapema miaka ya 2000, na kampuni wanazoshirikiana nazo zinajulikana.

Tipu ichangwe kabla ya safari. Ikiachwa siku ya mwisho, kila mtu atakuwa "pesa yangu iko kwenye simu". Watanzania tuna tabia ya kudhani tipu ni mambo ya wazungu. Wapagazi hawabebi mzigo wa Mtanzania kwa bega tofauti. Mwekeni mhazini mmoja, na siku ya kuaga kiasi kitajwe hadharani mbele ya wote, mpishi, weita na wapagazi, ili kila mmoja ajue fungu lake.

9. Choo

Nani anakodi choo cha hema, nani anatumia vya kambi, nani ana tochi na karatasi. Amueni Moshi. Sitaongeza.

10. Bebeni hadithi

Jioni za kambini ni ndefu. Giza linaingia saa moja, baridi inawasukuma ndani, na usingizi haupo. Mtandao siku hizi upo, TTCL walifikisha intaneti ya kasi Horombo mwaka 2022, na matokeo yake ni hema la chakula lenye watu kumi na wawili wakitazama simu kumi na mbili. Kusanyeni simu kwenye sufuria kwa saa moja.

Kama hamna hadithi, anzeni na ya Wachaga kuhusu vilele vyenyewe, Kibo na Mawenzi. Mawenzi moto wake ulizimika, akaenda kwa jirani yake Kibo kuomba kaa. Akapewa. Akarudi tena, umezimika. Akarudi tena. Kibo, aliyekuwa anatwanga, akachoka na jirani wa aina hiyo, akamcharaza mchi. Ndiyo maana Mawenzi, mita 5,149, amebaki na yale meno yaliyovunjikavunjika, na Kibo yuko mviringo, ametulia. Kila kundi lina Mawenzi wake wa kuazima chaja.

Msimulieni pia asiyejua kwamba Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni mwaka 1889 walikuwa na watu wa huku waliowaonyesha njia, na jina linalotajwa Marangu mpaka leo ni Yohani Kinyala Lauwo. Na kwamba mwenge na bendera vilipandishwa na Luteni Alexander Nyirenda usiku wa uhuru, Desemba 1961. Ndiyo sababu ya msongamano kila tarehe 9 Desemba. Mkitaka njia kavu, nendeni Januari, Februari, au kati ya Juni mwishoni na Oktoba. Masika, Machi hadi Mei, ni tope na ukungu.

11. Usiku wa kilele si wa mashujaa

Mnaondoka karibu saa sita usiku. Sababu ni za kawaida kabisa: changarawe imegandishwa na baridi na haitelezi sana, asubuhi anga huwa safi, na mnahitaji mchana mzima wa kushuka.

Nendeni mstari mmoja, tochi kichwani, mkono mmoja na nusu kati ya mtu na mtu. Msisimame zaidi ya dakika tano. Mwili unapoa upesi na kuinuka tena ni vita. Hapa nyimbo za wapagazi ndizo hufanya kazi ambayo hotuba za kuhamasisha hazifanyi, kwa hiyo mwenye hotuba aiweke mfukoni.

Ukingoni mwa kasoko, wa Marangu wanafika Gilman's Point, mita 5,685 hivi, na wa Machame wanafika Stella Point. Hapo kundi hugawanyika, na ni sawa ligawanyike. Aliyefika hapo amefika, hata hifadhi humpa cheti. Kwenda Uhuru kutoka Gilman's bado ni saa moja na nusu au mbili, na hizo lazima uzirudi pia. Saa ya kugeuka iwe imeshapangwa na kiongozi: ikifika, wanageuka, hata kibao cha Uhuru kikiwa kinaonekana.

Kwenye kibao picha ya kundi ipigwe kwanza, kabla ya picha za mmojammoja na bango la kampuni, maana kuna foleni nyuma yenu na simu zitazima moja baada ya nyingine. Robo saa inatosha.

12. Kushuka kuna adabu yake

Watu hupanda kwa nidhamu na kushuka kama wanafunzi waliofunga shule. Siku hiyohiyo mnashuka kutoka 5,895 hadi Horombo, zaidi ya mita 2,100, au kwa njia ya Mweka kwa walioanzia Machame, magoti yakiwa yamechoka na usingizi machoni. Hapa ndipo vifundo vya miguu huteguka. Kateni kucha za vidole vya miguu kabla ya safari, kazeni kamba za viatu sehemu ya juu, tumieni fimbo. Wale wawiliwawili wa kidokezo cha tano waendelee kuwa wawili hadi getini, asishuke mtu peke yake.

Picha zikusanywe na mtu mmoja jioni hiyohiyo mkiwa Moshi, makoti ya kukodi yarudishwe, na asiwepo aliyeahidi kuwa ofisini kesho yake saa mbili asubuhi. Ngazi za ofisi mtazishuka kinyumenyume hadi Ijumaa.